Mchape: Neno la Kuosha, Neno la Kupiga

Jioni moja huko Kitura, katika vilima vya Umatengo, kijana mmoja wa ukoo wetu alikuwa ameinamia simu yake akicheza mchezo wa mapango na majini. Shujaa wake alikuwa na rungu la ajabu. Akimpiga nalo mtu wa kawaida, halina tofauti na mpini wa jembe. Likimgusa mfu aliyetoka kaburini, mfu yule huporomoka akawa vumbi. Kijana aliniuliza maswali mawili kwa mpigo: "Baba mdogo, rungu kama hili tungeliitaje kwa Kiswahili? Na hawa wanaopigwa, tuwaiteje?"

La pili nililijibu upesi, kwa kiburi cha mtu anayeandika kuhusu maneno. Nikamwambia hao ni misukule. Aliinua macho akanitazama kana kwamba nimesema jambo la aibu. "Lakini msukule hapigwi, baba mdogo. Msukule ni mtoto wa watu."

Makala haya yametokana na jibu hilo. Nimeligeuza mara nyingi na kila mara naona kijana alikuwa ameshika jambo ambalo mimi nilikuwa nimelipita.

Silaha iliyoumbwa kwa ajili ya adui mmoja tu si jambo geni katika fasihi yetu. Kila aliyesoma utenzi wa Fumo Liyongo, ule uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, anakumbuka sindano ya shaba. Mkuki haukumpata Liyongo, mshale haukumpata, lakini sindano ile ikichomwa kitovuni ilimmaliza, na mkono ulioichoma ulikuwa wa mwanawe mwenyewe. Wasomaji wengi huishia hapo. Mimi hukaa zaidi kwenye kinachofuata. Liyongo aliyechomwa alikwenda kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa katika hali hiyo. Mji mzima ukamwogopa maiti. Hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji, kwa sababu mfu alikuwa na umbo la aliye hai. Na mji ulipotafuta njia ya kumwondoa, haukutuma askari mwenye silaha kali zaidi. Ulimtuma mama yake, aende akamsihi mwanawe kwa maneno. Nadhani tumeupita upesi mno ukweli huo: adui aliye hai alitafutiwa shaba, na mfu asiyeanguka alitafutiwa sauti ya mama.

Turudi kwenye msukule, kwanza kwa upande wa sarufi. Neno hili lina wingi wa *misukule*, si *wasukule*. Limekaa katika ngeli ya mti na mto, mahali walipokaa pia mizimu na mizuka. Kiswahili kina tabia hiyo. Kiumbe kisicho mtu wa kawaida hupewa wingi wa MI, naye mtume aliyetumwa na Mungu na mungu wa kipagani wamo humo humo, mitume na miungu. Hata hivyo upatanisho wa sentensi hauwatupi. Twasema *misukule hawa wanalima*, hatusemi *misukule hii inalima*. Umbo la neno limekwenda msituni ilhali vitenzi vyake vimebaki nyumbani na watu.

Vitenzi vyenyewe ni vya kutazamwa. Anayedhaniwa kuwa msukule hasemwi kuwa *amefufuka*. Husemwa kwamba *amechukuliwa*. Msibani, minong'ono ikianza, utasikia: huyu hakufa, amechukuliwa. Kilichozikwa ni mgomba, mwenyewe yuko shambani kwa mtu, ulimi umekatwa, analishwa pumba, analima usiku. Hizo ni kauli za kutendwa tupu: kuchukuliwa, kukatwa, kulishwa, kutumikishwa. Msukule ni mtendwa tangu mwanzo hadi mwisho, na lugha humtafutia kitenzi kimoja tu cha matumaini, nacho ni *kurudishwa*. Miaka ya karibuni Kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima, Dar es Salaam, lilipata umaarufu mkubwa kwa ahadi hiyo. Sina haja ya kuamua hapa nani aliyerudi na nani aliyekuwa hajaondoka. Nataka tu mtambue kitenzi. Hakuna mhubiri aliyejaza uwanja kwa ahadi ya *kuua* misukule.

Upande wa kusini neno jingine husikika, *ndondocha*. Liko katika Kinyanja, na Wayao wana *ndondosha* yao. Ukiteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay umeshafika katika dunia ambayo maneno husafiri kwa maji kuliko kwa barabara. Ufuko wetu una watu wanaosema Kinyasa, ndugu wa Kinyanja cha ng'ambo, na kisiwa cha Likoma, kilichokuwa makao ya wamisionari wa UMCA tangu miaka ya 1880, kwa muda mrefu kilikuwa na uhusiano na Liuli yetu kuliko ilivyokuwa Songea. Hata jina la ziwa lenyewe ni tafsiri isiyokwisha: *nyasa* na *nyanja* yote maana yake ni ziwa, nasi juu yake tumeongeza neno la tatu.

Kwa watu wa pande zote za maji haya, swali la silaha lilikuwa na jibu la kale. Jibu hilo liliitwa mwavi, gome la mti lenye sumu lililosagwa na kunyweshwa mtuhumiwa. Akitapika, hana hatia. Akifa, alikuwa mchawi. Hapa wapenzi wa lugha nawaomba msimame kidogo. Sisi hadi leo *tunakula* kiapo. Mbunge hula kiapo, hakimu hula kiapo, rais hula kiapo, na hakuna anayeuliza ni chakula gani. Katika kamusi za zamani *kiapo* ni maneno ya kuapa na pia ni jaribio la kumpima mtuhumiwa, la moto au la kitu cha kutia kinywani. Kinywa kilichokula kiapo kilikuwa kinywa kweli. Mwavi ni jamaa wa karibu wa msemo huo tunaoutumia bungeni.

Serikali ya kikoloni ya Nyasaland ilipitisha Sheria ya Uchawi mwaka 1911, nayo ilipiga marufuku mwavi na vilevile kumtaja mtu kuwa mchawi. Tanganyika ilipata yake baadaye, na ile ya 1928 ingali katika vitabu vyetu kama Sura ya 18. Mtazamo wa waliotunga sheria hizi ulikuwa rahisi: uchawi haupo, sumu ipo, basi tuzuie sumu. Mtazamo wa vijijini ulikuwa mwingine kabisa. Kwao serikali ilikuwa imemnyang'anya silaha mlinzi na kumwacha mwizi. Watoto waliendelea kufa, mavuno kuharibika, na sasa aliyekuwa akishukiwa alilindwa na askari wa bwana shauri. Sisemi kwamba mwavi ulikuwa haki. Uliua wasio na hatia kwa idadi ambayo hakuna atakayeihesabu. Nasema tu kwamba sheria ilifunga mlango bila kuuliza watu walikuwa wakiutumia kukimbilia wapi.

Mapema katika miaka ya 1930, kutoka Nyasaland, ikatokea dawa mpya. Iliitwa *mchape*.

Walioieneza hawakufanana na waganga wa kale. Walikuwa vijana, wamevaa suruali na mashati ya kizungu, wakitembea kijiji hadi kijiji. Mwanaanthropolojia Mwingereza Audrey Richards aliwakuta Ubemba, katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, na makala aliyoyachapisha mwaka 1935 ndiyo maelezo bora tuliyonayo. Kijiji chote hukusanywa. Watu hupita mmoja mmoja nyuma ya kijana, naye hutazama sura zao katika kioo kidogo alichoshika. Sura ya mchawi, ilisemwa, hujitambulisha kiooni. Aliyegundulika hutoa pembe zake za dawa na kuzitupa. Kisha watu hunywa mchape wenyewe, unga mwekundu ambao ukitikiswa chupani pamoja na maji ulitoa kitu kilichofanana na maji ya sabuni.

Ujanja wa mchape mbele ya sheria ya 1911 ulikuwa mkubwa. Dawa haikumuua mtu siku ile. Kila mtu alikunywa, mwema na mbaya, na wote walitoka wakiwa safi. Kifo kilikuwa kimewekwa mbele, kama mtego: aliyekunywa kisha akarudia uchawi, huyo atavimba mwili na kufa. Kwa hiyo silaha ilikuwa ndani ya mwili wa kila mmoja, imelala, ikimsubiri adui mmoja tu. Rungu la kijana wetu linalomgusa mtu wa kawaida bila kumdhuru lilikuwa limeshafikiriwa na watu wa ziwa hili kabla ya kompyuta, tena kwa akili ya ndani zaidi, kwa kuwa rungu lile humbagua mfu na aliye hai, na mchape ulimbagua mtu wa leo na mtu yule yule wa kesho.

Ilisimuliwa pia kwamba siku moja mwenye dawa, mtu wa Mulanje aliyeitwa Kamwende, angefika mwenyewe. Usiku ngoma ingelia nje ya kijiji, na wachawi waliojificha wangeshindwa kujizuia, wangeifuata hadi makaburini, na huko mambo yao yote yangefichuliwa. Simulizi hii nina sababu ya kuipenda. Mwisho wa vita unafanyika pale pale wizi ulikoanzia, makaburini, na anayeitwa na ngoma si maiti bali ni mwizi wake.

Richards alifanya jambo moja ambalo wenye vioo hawakulifanya. Alichukua rundo moja la pembe zilizotupwa, 135, akauliza kila moja ilikuwa ya nini. Pembe 11 tu ndizo zilizokubaliwa kuwa za kudhuru. Nyingine zote zilikuwa dawa za tiba, za kinga, za bahati ya mawindo, akiba ya kawaida ya watu wanaoogopa magonjwa. Watu walikuwa wametupa hirizi za watoto wao kwa hofu ya kuonekana na pembe.

Tuje sasa kwenye jina. Katika Kinyanja, *kuchapa* ni kufua nguo. *Kuchapa zovala*, kufua nguo, ni kazi ya kila siku ufukoni. Mchape ni kifuacho, kisafishacho, na yale maji ya povu yaliyomo chupani yanaingia vizuri katika picha hiyo. Kijiji kilichokunywa mchape kilikuwa kimefuliwa. Jina halina damu hata kidogo.

Lisikilize jina lile lile kwa sikio la Mswahili. *Kuchapa* kwetu ni kupiga, hasa kwa fimbo. Ni kupiga chapa pia, ndiyo maana makala huchapwa na vitabu huchapishwa, ingawa tawi hilo la maana lina asili ya Kihindi. Ukitamka *mchape*, Mswahili hasikii nomino. Anasikia amri yenye yambwa ndani yake: m-chap-e, mpige huyo! Mambo hayakuishia hapo. Dawa ilipopita Rhodesia ya Kaskazini kuingia Ufipa, mnamo 1933 na 1934, ilifika na kiambishi cha lugha za huko, ikaitwa *kamchape*. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliikuta ikirudi tena kwa jina hilo. Kwa bahati ambayo hakuna mshairi angeweza kuibuni, *kamchape* ni sentensi kamili ya Kiswahili. Ni ile *ka* ya kumtuma mtu: kalete maji, kamwite baba, kamchape. Nenda ukampige.

Naweza kubashiri kwamba maana mbili zina shina moja, kwa kuwa atakayetazama nguo zikifuliwa juu ya jiwe ufukoni ataona kwamba kufua na kupiga ni tendo moja la mkono. Ni ubashiri wangu tu, na wanaisimu wana ruhusa ya kunichapa, kwa maana watakayoichagua.

Sidai kwamba neno ndilo liliwatia watu fimbo mikononi. Fimbo zina sababu zake, ugomvi wa mashamba, wivu, magonjwa yasiyo na jina, urithi. Hata hivyo jina lenye amri ndani yake hurahisisha njia. Kamchape haikuondoka nchini. Kigoma na Rukwa jina bado linatajwa, na pale magharibi wanaozunguka kufichua uchawi huitwa pia lambalamba. Habari zao hazina harufu ya sabuni. Nyumba huvamiwa, wazee hutolewa nje na kudhalilishwa, na polisi huitwa. Kwingine, hasa Usukumani, bibi vizee wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wameuawa kwa mapanga na watu ambao hawakuhitaji kioo wala chupa. Katika hesabu ya pembe 135, hao ni wale wa 124.

Lazima niitaje pia dawa iliyopita jirani yetu kabla ya hii, kwani watu wa Ruvuma hawawezi kusikia habari ya dawa ya vita wasiikumbuke. Mwaka 1905 maji ya Kinjikitile wa Ngarambe yaliletwa Ungoni na mjumbe aliyeitwa Kinjala. Maji yale yalikuwa na adui mahususi, risasi, nazo zingegeuka kuwa maji. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa Gama na wenzake walinyongwa Songea, na siku hiyo hukumbukwa kila mwaka. Tunayazungumza maji hayo kama silaha dhidi ya Mjerumani tu. Mwanahistoria John Iliffe alionyesha zamani kwamba yalikuwa pia na sura ya pili, ile ya kusafisha: dawa moja ya wote, iliyotaka watu waachane na uchawi na hirizi za kila mmoja. Mchape miaka ishirini na mitano baadaye ulirithi sura hiyo ya pili na kuiacha ile ya kwanza. Mzungu hakuwa tena upande wa pili wa dawa. Aliyebaki upande huo alikuwa jirani. Nikiutafakari mwendo huo, kutoka adui mwenye bunduki hadi bibi wa nyumba ya tatu, naona ndiyo hasara kubwa ya historia hii nzima, na nashangaa kwamba washairi wetu walioyaimba Maji Maji kwa wingi hawajauimba.

Mganga mmoja alipata mshairi wake. *Swifa ya Nguvumali* ya Hasani bin Ismail, iliyotolewa Oxford na Peter Lienhardt mwaka 1968, ni sifa za mwindaji wa wachawi wa pwani ya kusini, na jina la shujaa lenyewe ni nusu ya methali. Ni kazi ya kusomwa kwa wanaotaka kujua jinsi Kiswahili kinavyomsimamisha mtu wa namna hiyo kwa fahari. Lakini ndani ya fahari ya mwindaji, aliyechukuliwa hana nafasi kubwa. Katika kila simulizi za namna hii naye hubaki pembeni, ulimi umekatwa.

Mwaka 1947 Nyasaland ilipata wimbi jingine la dawa, la Bwanali na mwenzake aliyejiita Mpulumutsi, yaani Mwokozi. Katika simulizi zilizozunguka dawa hizi lipo jambo linalojirudia: mwenye kuileta ni mtu aliyekufa akarudi. Alilala, akaonyeshwa, akaamka na dawa. Ukitafuta hapo mpaka kati ya silaha na kile inachopigana nacho, utapotea. Mfu aliyerudi kwa hiari ya Mungu ndiye anayewakomboa wafu waliochukuliwa kwa hila ya jirani. Kwa mantiki ya mchezo wa simu, rungu lingemgeuza Bwanali kuwa vumbi kwanza.

Niliporudi Kitura wakati wa kuchuma buni, kijana alikuwa bado na mchezo wake, na bado hajapata jina la rungu. Nilimweleza haya yote, kwa urefu kuliko alivyotaka. Alisikiliza akichambua buni mbivu na mbichi, kisha akasema jina la rungu litakuwa Kamchape, maana rungu haliwezi kufua.

"Na hao wanaopigwa?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo. "Hao nitawaacha na jina lao la kizungu, baba mdogo. Wa kwetu wakitokea humo, nitatafuta mahali pa kubonyeza niwarudishe."